TUSEME KWELI JUU YA MALI ZETU

Limeenea miongoni mwa wananchi shauri moja baya, na sisi twaona si haki kulinyamazia. Shauri lenyewe ni hili: kwamba mtu aitwaye ubalozini kuhojiwa kwa ajili ya viza ya uhamiaji ya Marekani asiseme kweli juu ya mali yake. Wengine huambiwa waifiche nyumba na shamba walivyo navyo nyumbani, wasije wakaonekana kuwa hawana haja ya kuhama. Wengine huambiwa kinyume cha hayo: waongeze wasivyo navyo, waazime fedha za kujaza kitabu cha benki kwa wiki mbili, na waliite shamba la ukoo shamba lao. Mashauri haya mawili yanapingana kama mchana na usiku, lakini aghalabu hutoka katika kinywa kimoja, nacho ni kinywa cha dalali aliyekwisha kupokea malipo yake.

Hatuandiki haya kwa kuwahimiza vijana wetu waihame nchi. Imani yetu ni ile ile, kwamba taifa hujengwa na watu wake, na kwamba jembe lililoachwa shambani halilimi peke yake. Lakini yupo mke anayemfuata mumewe, yupo mzazi aliyeitwa na mwanawe, na yupo kijana ambaye jina lake lilitokea katika bahati nasibu ya viza. Hawa ni ndugu zetu, na safari yao ni ya halali. Gazeti la Chama lina wajibu wa kuwaonya wasiingie katika shimo ambalo wengine wamekwisha kutumbukia, nao hawakutoka tena.

Kwanza yafaa tuelewe swali hili la mali lilitoka wapi, kwa maana wapo wanaodhani kuwa ni fitina iliyotungwa juzi kwa ajili ya Waafrika. La hasha. Sheria ya Marekani ya mwaka 1882 ilikwisha kukataza kuingia kwa mtu yeyote asiyeweza kujitunza bila ya kuwa mzigo kwa umma. Katika kituo cha Ellis Island, kilichofunguliwa New York mwaka 1892, maskini wa Ulaya walipangwa foleni na kuulizwa wana fedha kiasi gani mfukoni. Mwaka 1915 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi ya Gegiow dhidi ya Uhl, iliamua juu ya vibarua wa Kirusi waliokuwa wakielekea Portland, ambao walizuiwa kwa hoja kwamba mji ule ulikuwa umejaa watafuta kazi. Mahakama ilisema kuwa hali ya kazi katika mji mmoja haitoshi kumfanya mtu aitwe mzigo kwa umma. Yampasa afisa atazame hali ya mtu mwenyewe. Kwa hiyo swali hili ni la zamani, na wameulizwa weupe kabla ya kuulizwa weusi.

Sheria iliyopo leo inamtaka afisa apime mambo matano kwa uchache: umri wa mwombaji, afya yake, hali ya jamaa yake, mali na uwezo wake wa fedha, na elimu yake pamoja na ufundi alio nao. Mambo hayo hupimwa kwa pamoja. Mzee asiye na kazi lakini mwenye mwana anayemtunza si sawa na mzee asiye na mtu. Kijana fundi wa umeme mwenye akiba ndogo si sawa na kijana mwenye akiba hiyo hiyo asiyejua kazi yoyote. Mali ni jiwe moja tu katika mizani, wala si mizani yenyewe. Mwananchi akilielewa jambo hili peke yake atapunguza nusu ya hofu yake, kwa maana ataona hakuna haja ya kujifanya tajiri, wala hakuna faida ya kujifanya maskini.

Kwa anayeitwa na jamaa yake, mzigo mkubwa hauko juu ya mwombaji bali juu ya mdhamini aliyeko Marekani. Tangu mageuzi ya sheria ya mwaka 1996, mdhamini hutia sahihi hati ya kiapo ambayo ni mkataba kamili mbele ya sheria. Yampasa aonyeshe kuwa kipato chake hakipungui asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali ya nchi hiyo kila mwaka. Kwa mwaka 2025, kiwango hicho kwa nyumba ya watu wawili katika majimbo mengi kilikuwa dola 21,150. Asilimia 125 yake ni dola 26,437 na ushei. Kwa nyumba ya watu wanne kiwango kilikuwa dola 32,150, na mdhamini alitakiwa awe na dola 40,187 na ushei. Mkataba huo haufi kwa ugomvi wala kwa talaka. Unakwisha pale mgeni anapopata uraia, au anapohesabiwa robo 40 za mwaka za kazi, ambazo ni kama miaka kumi, au anapoihama nchi hiyo moja kwa moja, au kifo kinapoingia kati. Asiyetosha kipato anaweza kumtafuta mdhamini mwenza.

Hapa ndipo mali iliyoko nyumbani inapoingia. Kipato cha mdhamini kikipungua, sheria inaruhusu pengo lizibwe kwa mali, iwe ya mdhamini au ya mwombaji mwenyewe, hata kama mali hiyo iko ng'ambo. Lakini hesabu yake ni nzito. Mali inatakiwa iwe na thamani ya mara tano ya pengo. Kwa mume au mke wa raia wa Marekani ni mara tatu. Pengo la dola 10,000 basi linadai mali ya dola 50,000, au dola 30,000 kwa mwenzi wa raia. Tena si thamani ya kutaja kwa mdomo. Yatakiwa hati ya kumiliki, makadirio ya thamani, na madeni yote yaliyomo yaondolewe kwanza. Yatakiwa pia iwe mali inayoweza kugeuzwa fedha taslimu katika muda wa mwaka mmoja bila ya kumletea mwenyewe taabu au hasara kubwa. Hata gari halihesabiwi ila kwa mtu anayeonyesha kuwa analo jingine la kutumia.

Anayeingia kwa bahati nasibu ya viza hana ulazima wa hati ile ya kiapo yenye nguvu za mkataba. Yeye hujitetea kwa akiba yake, kwa elimu na ufundi wake, kwa ahadi ya kazi, au kwa barua ya udhamini ya jamaa au rafiki. Kwa mtu wa namna hiyo, nyumba ndogo aliyoijenga kwa jasho lake huko Mbagala au Igoma, ikiwa na karatasi zake, ni ushahidi wa kwamba anajua kutafuta na anajua kutunza. Kuificha ni sawa na askari kuacha ngao yake nyumbani.

Basi kwa nini watu huficha? Sababu ya kwanza ni kuchanganya viza mbili zisizofanana. Mtu anayeomba viza ya matembezi huhesabiwa na sheria kuwa anataka kuhamia mpaka athibitishe vingine. Ndiyo maana huulizwa kazi yake, nyumba yake na watoto wake, ili ionekane kuwa ana kitu cha kumrudisha. Anayeomba viza ya uhamiaji hana deni hilo. Yeye amekwisha kusema wazi kwamba anakwenda kukaa. Nyumba yake ya Dodoma haimpunguzii haki, wala hakuna kifungu kinachomtaka auze shamba lake kabla ya kupanda ndege. Viza ya uhamiaji haimvui uraia wake. Anaondoka Mtanzania, na ataendelea kuwa Mtanzania mpaka siku atakapokula kiapo cha uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake. Dalali asiyejua tofauti ya viza hizi hafai kumshauri mtu hata juu ya nauli ya basi.

Sababu ya pili ni hofu ya kodi. Wapo wanaosema kwamba ukitaja nyumba yako, Marekani itaitoza kodi. Yafaa tuseme kwa uwazi yaliyo ya kweli na yasiyo ya kweli. Kweli ni kwamba mkaazi wa kudumu wa Marekani hutakiwa kutamka mapato yake yote, popote yanapopatikana duniani. Kodi ya pango ya nyumba yako ya Mwanza ni mapato, na itatamkwa, ingawa kodi ya mapato uliyokwisha kuilipa huku yaweza kufikiriwa katika hesabu ya huko. Kadhalika, akaunti za benki zilizoko nje zikifika kwa jumla zaidi ya dola 10,000 wakati wowote katika mwaka, zapaswa kutolewa taarifa. Wajibu huu umejengwa juu ya sheria ya mwaka 1970, na sheria ya mwaka 2010 ikaongeza mengine. Lakini nyumba au shamba lililo kwa jina lako mwenyewe haliingizwi katika taarifa hizo za akaunti. Tena wajibu wote huo huanza kwa sababu ya ukaazi, si kwa sababu ulijibu swali ubalozini. Aliyeficha nyumba siku ya mahojiano atalazimika kuifichua siku ya kutamka mapato, au aendelee kudanganya mwaka baada ya mwaka. Uongo mmoja humzaa mwingine, na mama yao hazeeki.

Sababu ya tatu ni aibu na hofu ya jamaa. Kuna mtu hataki mkewe ajue kiwanja, na kuna mwingine hataki kaka zake wajue akiba. Haya ni mambo ya nyumbani, nasi hatutaki kuyaingilia. Twasema tu kwamba afisa wa viza si baraza la ukoo, na karatasi za nyumba zikificha kitu kwa mke, si vyema mke huyo akahojiwa siku hiyo hiyo juu ya mali ya nyumba yao. Majibu mawili yasiyolingana yamewatia wengi mashakani, ingawa hakuna aliyekusudia kuidanganya serikali ya mtu.

Sasa tugeukie kosa la pili, la wanaojivika mali isiyo yao. Afisa aliyekaa kitini miaka mingi hahitaji mganga wa kumpigia ramli. Akiona akaunti iliyolala na shilingi elfu hamsini mwaka mzima, kisha ikaamka mwezi mmoja kabla ya mahojiano ikiwa na milioni arobaini, atauliza: fedha hizi zimetoka wapi? Akiletewa makadirio ya nyumba yenye thamani ya jumba la Oysterbay katika mtaa usio na barabara, atauliza: nani aliyekadiria? Mwombaji akishindwa kujibu, hata fedha zake za kweli zitatiliwa shaka. Mwenye akiba ndogo yenye historia ni bora kuliko mwenye akiba kubwa isiyo na baba wala mama.

Adhabu za makosa haya yapasa kila mtu azijue. Mtu akikataliwa kwa sababu mali yake au kipato cha mdhamini wake hakikutosha, mlango umefungwa kwa komeo tu. Akileta ushahidi mpya au mdhamini mwenza, waweza kufunguliwa. Akikosa karatasi, huambiwa akazilete, naye hupewa mwaka mmoja wa kuzileta. Lakini mtu akionekana kuwa amesema uongo kwa makusudi juu ya jambo lenye uzito, ili apate viza, sheria ya Marekani humhesabu kuwa hastahili kuingia maisha yake yote. Msamaha upo, lakini ni mwembamba: kwa mhamiaji hutegemea kuwa na mume, mke au mzazi aliye raia au mkaazi wa kudumu wa nchi hiyo, na kuthibitisha kwamba ndugu huyo atapata taabu kubwa mno. Kuwa na mtoto raia peke yake hakutoshi. Tazameni basi biashara hii: mtu anakwepa kikwazo ambacho kingeondoka kwa miezi michache, ananunua kifungo cha maisha.

Kabla ya mahojiano ya viza ya uhamiaji mwombaji huapishwa. Huinua mkono wa kuume na kuthibitisha kwamba atakayosema ni kweli. Kwetu sisi kiapo si mchezo. Mwislamu na Mkristo wote wanajua uzito wake, na asiye na dini anajua heshima ya neno lake. Hata hivyo kusema kweli si kupayuka. Hakuna anayemtaka mwombaji asimulie kila kuku na kila kiti. Kunyamaza juu ya jambo lisiloulizwa hakuhesabiwi peke yake kuwa ni uongo. Yampasa mtu ajibu lililoulizwa, kwa ufupi na kwa ukweli. Naye aliyeteleza ulimi, akataja nyumba moja badala ya mbili, afanye haraka kujisahihisha pale pale, kabla hajafichuliwa. Kosa lililosahihishwa kwa hiari na kwa wakati wake husamehewa, bali kosa lililofumaniwa huwa ushahidi.

Lipo jambo moja ambalo maafisa wa kigeni hawalielewi kwa wepesi, nalo ni namna ya kumiliki kwetu. Sheria zetu zinasema kuwa ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Mwananchi ana haki ya kuitumia, kwa hati au kwa mila. Mchaga ana kihamba alichozikiwa babu yake. Mhaya ana kibanja. Msukuma ana ng'ombe ambao baadhi yao ni mahari ya dada yake na wengine ni wa mjomba. Mtu wa pwani ana mnazi kumi na mbili katika shamba lisilo na mpaka ila ukoka. Katika Kariakoo kuna nyumba moja yenye warithi sita, na hati yake bado inasoma jina la marehemu. Je, mtu wa namna hii ana mali au hana?

Jibu letu ni kwamba aseme kama ilivyo. Aseme: ni nyumba ya urithi, tuko sita, fungu langu ni moja, na mirathi haijakamilika. Aseme: ni kihamba cha ukoo, nina haki ya kulima na kuishi, lakini siwezi kukiuza peke yangu. Mali ya namna hiyo haitaziba pengo la mdhamini, kwa kuwa haigeuki fedha katika mwaka mmoja, na si haki kumwambia afisa kwamba inageuka. Lakini ni jibu la mtu mwaminifu, na jibu la mtu mwaminifu linayapa nguvu majibu mengine yote. Anayesema "shamba ni langu" hali ni la ukoo, huwadanganya watu wawili: afisa aliye mbele yake, na ndugu aliyemwacha nyumbani akilipalilia.

Hapa hatuwezi kuwasamehe madalali. Wamekaa vichochoroni na katika vibanda vya kupigia picha, wakiuza taarifa za benki zisizotoka benki, barua za kazi za kampuni zisizokuwako, na makadirio ya nyumba wasizoziona. Hawa ni wanyonyaji wa namna mpya. Mkoloni alichukua jasho la mtu akiwa shambani. Hawa wanachukua jasho lake akiwa njiani kwenda kulitafuta. Mwombaji akifungiwa maisha, dalali hafungiwi kitu. Kesho yake anampokea mwingine. Kughushi hati ni kosa la jinai katika sheria zetu, wala halihitaji sheria mpya. Twaitaka Polisi iwashughulikie wauza karatasi hawa kwa bidii ile ile inayotumika kumkimbiza mama muuza vitumbua.

Lakini itakuwa unafiki kuwalaumu madalali peke yao, hali sisi wenyewe tumewafungulia soko. Mwananchi hununua hati ya uongo kwa sababu hati ya kweli imemshinda kuipata. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 ilimpa mwanakijiji njia ya kupata hati ya haki miliki ya kimila, na hati hiyo ni ya heshima sawa na nyingine. Tangu wakati huo miaka imepita zaidi ya 25, na bado katika vijiji vingi mtu anaulizwa karatasi ya shamba lake naye anaonyesha mwembe. Yako masjala ambamo jalada hupotea mpaka mwenyewe atoe kitu kidogo, ndipo linapopatikana juu ya meza. Mirathi huchukua muda mrefu hata warithi nao wanakufa. Mtu wa namna hii akienda ubalozini, au akienda benki ya hapa hapa kuomba mkopo wa trekta, mali yake haionekani. Si kwamba yeye ni maskini. Ni kwamba ofisi zetu zimemwandika maskini. Viongozi wa Chama katika matawi na halmashauri walichukue jambo hili kuwa ni kazi yao, maana mwenye haki anayenyimwa karatasi ya haki yake ameibiwa, hata kama hakuna mwizi aliyeonekana.

Na Marekani nayo tuiambie neno, maana ukweli haudaiwi upande mmoja. Tarehe 16 Desemba 2025 Rais wa nchi hiyo alitia sahihi tangazo lililoiingiza Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake waliwekewa vizuizi vya viza, zikiwamo viza za uhamiaji, kuanzia Januari 1, 2026. Mwezi huo huo wa Januari serikali yake ikatangaza kusimamisha utoaji wa viza za uhamiaji kwa raia wa nchi 75, Tanzania, Uganda na Rwanda zikiwa miongoni mwao, kwa hoja ile ile ya kuogopa mzigo kwa umma. Tangazo lilieleza kwamba waombaji wangeweza kuendelea kupeleka maombi na kuhojiwa, ila viza hazingetolewa.

Nchi yoyote ina haki ya kulinda mlango wake. Hilo hatubishani nalo, kwani nasi tunao mlango wetu. Lakini mtu akitakiwa aape, ataje akiba yake, alete hati ya nyumba yake na kipato cha mwanawe, basi haki yake ni kupimwa yeye. Akikwisha kutaja yote, kisha akaambiwa kwamba kilichomhukumu ni jalada la pasi yake ya kusafiria, kuna maana gani kumuuliza? Mahakama Kuu ya nchi hiyo hiyo ilifundisha mwaka 1915 kwamba mtu asihukumiwe kwa hali ya mji anaokwenda. Basi asihukumiwe pia kwa hali ya nchi anayotoka. Muuguzi wa Morogoro mwenye cheti, akiba na ahadi ya kazi hawi mzigo kwa sababu ya rangi ya jalada la pasi. Wizara yetu ya Mambo ya Nje ina kazi ya kulisema jambo hili kwa adabu lakini bila ya kuinamisha kichwa.

Wapo watakaosema: maadamu wao hawatutendei haki, kwa nini sisi tuwaambie kweli? Hoja hii twaikataa. Kweli haisemwi kama malipo ya hisani, husemwa kwa kuwa msemaji ana heshima yake. Tena kwa hesabu ya kawaida tu, amri za viongozi huja na kuondoka, ila jina lililoandikwa kuwa la mwongo katika majalada ya viza halifutiki kwa mabadiliko ya serikali. Siku mlango utakapofunguliwa, aliyesema kweli atauona uko wazi, na aliyedanganya atauona bado umefungwa.

Wala kutamka mali si jambo geni kwetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko iliyomkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, hisa katika makampuni, au mishahara miwili. Miiko hiyo ililegezwa Zanzibar mwaka 1991, lakini Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 bado ilimtaka kiongozi atamke mali na madeni yake kwa maandishi. Mwanachama wa TANU aliahidi kusema kweli daima kabla hajapewa kadi. Tukimtaka mwananchi wa kawaida aseme kweli mbele ya mgeni juu ya nyumba yake ya vyumba vitatu, basi kiongozi wetu aseme kweli mbele ya taifa juu ya nyumba zake zote, za hapa na za ng'ambo. Mtoto hujifunza kutembea kwa kumtazama mzazi.

Kwa hiyo twawaambia ndugu zetu waliomo safarini: ikusanyeni mali yenu katika karatasi kabla hamjaitwa. Andikeni mlicho nacho, na mnachodaiwa, na mnachomiliki pamoja na wengine. Tafuteni hati ofisini, makadirio kwa mthamini aliyesajiliwa, na taarifa ya benki katika benki. Mume na mke wakae pamoja wayajue yaliyomo. Mkiulizwa, jibuni mlicho nacho, msipunguze wala msizidishe. Mkiruhusiwa, nendeni kwa amani, na msiwasahau mliowaachia shamba. Mkikataliwa, rudini nyumbani vichwa vikiwa juu, kwani hakuna aliyewavua kitu. Nyumba yenu bado ipo, shamba lenu bado lipo, na jina lenu bado ni safi.